Pingili iliyo juu ya vyuma: kuulinda mgongo baada ya upasuaji wa kuunganisha pingili

Mtu aliyenyooshwa mgongo kwa upasuaji na kuwekewa vyuma hurudi Kigoma na furaha, na ana haki ya kufurahi. Aliondoka ameinama, amerudi anawatazama watu usoni. Lakini kuna sehemu moja ya mgongo wake ambayo tangu siku ile ya upasuaji inabeba kazi kubwa kuliko zamani. Ni pale vyuma vinapoishia kwa juu, pamoja na pingili moja au mbili zinazofuata. Hapo mgongo unaweza kuanza kupinda upya, wakati mwingine ndani ya wiki chache tu.

Makala hii inaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, madaktari hufanya nini kulizuia, na mgonjwa na jamaa zake wafanye nini. Tumewafikiria zaidi wasikilizaji wanaoishi mbali na hospitali kubwa, kwa sababu kwao kuchelewa kidogo kunaweza kuwa kuchelewa kwa mwezi mzima.

Kwa nini mgongo unapinda juu ya vyuma

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza moja juu ya nyingine: saba za shingo, 12 za kifua na tano za kiuno. Chini yake kuna mfupa mpana ulioshikana na nyonga. Kati ya pingili kuna gegedu laini linalopokea mtikisiko, na nyuma yake kuna kano na misuli inayouzuia mgongo usianguke mbele. Ndani yake umepita mshipa mkubwa wa fahamu unaopeleka habari miguuni, kwenye kibofu na kwingineko.

Katika upasuaji wa kuunganisha, daktari hutia skrubu kwenye pingili kadhaa, huzishika kwa fito mbili za chuma, kisha huweka vipande vya mfupa ili pingili hizo ziote na kuwa mfupa mmoja. Chuma hushikilia kwa muda, mfupa ukiota ndio unaobeba mzigo kwa kudumu. Sehemu hiyo haipindi tena.

Sasa chukua ufito mbichi, ufunge gango katikati kwa kamba, kisha uupinde. Hautapinda palipo na gango. Utapinda, na mwisho utavunjika, pale gango linapoishia. Mgongo nao ni hivyo. Kila mara mtu anapoinama, mwendo uliokuwa ukigawanywa kwa pingili nyingi sasa unaangukia chache zilizobaki huru, na ile iliyo jirani na chuma ndiyo inayoumia kwanza. Mwisho wa chini wa vyuma nao unaweza kupata shida ya namna hiyo, hasa vinapoishia kiunoni bila kufika kwenye nyonga, ila katika kunyoosha migongo ya watu wazima tatizo linalosumbua zaidi ni la juu.

Madaktari hulipima kwa picha ya eksirei iliyopigwa ubavuni mgonjwa akiwa amesimama. Hupima pembe kati ya pingili ya mwisho yenye chuma na pingili ya pili iliyo juu yake. Pembe ikifika nyuzi 10, na ikiwa imeongezeka kwa nyuzi 10 au zaidi kuliko kabla ya upasuaji, hapo wanasema mgongo umepinda juu ya vyuma. Katika tafiti nyingi za watu wazima, wagonjwa kati ya 20 na 40 katika kila 100 wameonekana na hali hiyo. Usitishwe na hesabu hiyo peke yake. Wengi wao hawasikii maumivu yoyote na hugunduliwa kwenye picha tu. Wachache ndio wanaofikia hatua mbaya: pingili inavunjika, skrubu zinang'oka, au mshipa wa fahamu unabanwa na miguu inakosa nguvu. Hao wachache ndio sababu ya makala hii.

Wanaofanyiwa upasuaji huu kwetu

Ulaya na Marekani, wengi wanaonyooshwa mgongo ukubwani ni wazee ambao mgongo umelika kwa miaka mingi, na tafiti nyingi zimefanywa kwao. Kwetu hadithi ni tofauti kidogo. Wapo wazee pia, lakini wapo waliopata kibiongo kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, walioanguka kutoka kwenye mchikichi au mwembe, waliopata ajali ya pikipiki, na waliokua na mgongo wa kombo tangu ujanani bila kutibiwa.

Huenda hujui kwamba upasuaji wenyewe ulianzia kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Mwaka 1911, jijini New York, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza namna ya kuunganisha pingili. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa na kukipachika mgongoni, ili pingili zilizoliwa na ugonjwa zisiendelee kuporomoka. Hakukuwa na vyuma wala dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu. Fito za chuma zilipata umaarufu miaka ya 1960 kwa kazi ya Paul Harrington wa Houston, aliyekuwa akiwatibu watoto waliopindishwa mgongo na polio.

Hapa Tanzania upasuaji wa mgongo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996 jijini Dar es Salaam, na katika baadhi ya hospitali kubwa nyingine. Mgonjwa wa Kigoma kwa kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, akapita hospitali ya wilaya na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, ndipo apelekwe mbele. Migongo iliyopinda kupita kiasi inahitaji kituo chenye uzoefu maalumu. Daktari Rick Hodes wa Addis Ababa, Ethiopia, amekuwa akiwapeleka wagonjwa wa namna hiyo hadi Accra, Ghana, kwa daktari bingwa Oheneba Boachie-Adjei. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kazi hizo hufanyika India na Ulaya pekee.

Kazi huanza kabla ya kisu

Skrubu hushikwa na mfupa. Mfupa ukiwa kama muhogo uliooza ndani, hata skrubu bora haitakaa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari si "vyuma ni vya wapi?" bali "mifupa yangu ina nguvu kiasi gani?"

Walio katika hatari zaidi ni wenye umri wa kuanzia miaka 55 hivi, wanawake waliokoma hedhi, watu wenye uzito mkubwa, waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wanaovuta sigara au kutumia ugoro, kwa sababu nikotini huzuia mfupa kuota. Wanaotumia dawa za VVU zenye tenofovir wamwambie daktari wa upasuaji, maana dawa hiyo hupunguza kidogo uzito wa mfupa. Wasiache dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Wamwambie tu, ili naye alijue anapopanga kazi yake.

Mashine maalumu za kupima uzito wa mfupa ni chache nchini, lakini picha za CT zinazopigwa kabla ya upasuaji huweza kumpa daktari fununu. Mifupa ikionekana dhaifu, upasuaji usio wa dharura unaweza kusogezwa miezi kadhaa ili mgonjwa apewe dawa za kuimarisha mifupa. Kwa chakula, watu wa ziwani tuna bahati. Dagaa huliwa mzima na miba yake, na miba hiyo ina kalsiamu nyingi. Ongeza maharage, mayai na maziwa yakipatikana, na jua la asubuhi kwa ajili ya vitamini D. Mawese ni chakula kizuri na yana vitamini A, ila si dawa ya mifupa.

Mwenye kifua kikuu cha mgongo amalize dawa. Matibabu yake ni marefu kuliko ile miezi sita ya kifua kikuu cha kawaida cha mapafu. Mara nyingi hufika mwaka. Akiziacha njiani, vijidudu vitaendelea kuila pingili iliyobeba skrubu. Na wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha mgongo wakigunduliwa mapema hupona kwa dawa tu, bila chuma hata kimoja. Kinga kubwa kuliko zote ni hiyo. Maumivu ya mgongo yasiyoisha kwa wiki kadhaa, yanayokuamsha usiku, pamoja na homa za jioni, kupungua uzito au kinundu katikati ya mgongo, yanatosha kukupeleka kupima. Unaweza kuwa nacho bila kukohoa kabisa, na dawa zake hutolewa bure.

Daktari anafanya nini mezani

Ipo mikono ya ziada ambayo madaktari hutumia kuilinda pingili ya juu. Wengine huweka ndoano badala ya skrubu pale juu kabisa, ili mwisho wa chuma usiwe mgumu ghafla. Wengine huingiza saruji ya mifupa ndani ya pingili ya mwisho na ile inayofuata. Wengine hufunga pingili hizo kwa mikanda imara inayofanya kazi ya kano. Njia hizi zimesaidia katika tafiti mbalimbali, lakini hakuna hata moja inayoondoa hatari yote, na baadhi huongeza gharama.

Mambo mawili hayaongezi gharama, na kwa maoni yetu ndiyo ya kuulizia zaidi. La kwanza ni kutokata kano na misuli ya pingili iliyo juu ya vyuma wakati wa kufungua mgongo. La pili ni kutonyoosha kupita kiasi. Ndugu wengi hutaka mzee wao arudi amenyooka kama mlingoti, na baada ya upasuaji hulalamika kwamba bado ameinama kidogo. Mzee wa miaka 70 hatakiwi kuwa na mgongo wa kijana wa miaka 25. Ukimnyoosha sana kiunoni, mwili wake hutafuta usawa wake wa zamani kwa kuinamia mbele, na mahali pekee panapoweza kuinama ni juu ya vyuma. Daktari akikwambia amekusudia kuacha mwinamo kidogo, hajafanya kazi nusu.

Safari ya kurudi na miezi mitatu ya kwanza

Sehemu kubwa ya mipindo hii huonekana katika miezi ya mwanzo, hasa mitatu ya kwanza. Ndiyo miezi ambayo mgonjwa wa kwetu yuko njiani au amesharudi kijijini.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Usiianze safari hiyo bila kumuuliza daktari kama mgongo uko tayari. Treni ina faida ya behewa la kulala, ambamo mgonjwa anaweza kujinyoosha. Kwenye basi aombe kiti cha mbele au cha katikati, kwa sababu viti vya nyuma hurusha sana, na ashuke kutembea kidogo kila linaposimama. Bodaboda katika barabara ya mashimo si ya miezi hii.

Kwa wanaoishi vijiji vya mwambao visivyo na gati, kaskazini kuelekea Mwamgongo au kusini kupita Ilagala, hatari kubwa ni kushuka botini. Kuruka kutoka ukingoni mwa boti hadi majini kunagonga mgongo wote kwa pigo moja. Mwambie nahodha mapema aisogeze boti karibu, pawekwe ubao, na watu wawili wamshike mgonjwa kwa pande zote.

Nyumbani, adui ni kuinama. Na karibu kila kazi yetu hufanywa kwa kuinama: kulima kwa jembe la mkono, kuanika dagaa mchangani, kukamua mawese, kufagia kwa ufagio mfupi, kuosha vyombo chini, kufua kwenye beseni. Ndoo ya lita 20 kichwani haimwinamishi mtu, lakini ina kilo 20 zinazoshuka moja kwa moja juu ya pingili ile ile. Kumbeba mtoto mgongoni ni hivyo hivyo. Katika miezi ya mwanzo kazi hizi zifanywe na wengine, na hapa ndipo familia hupimwa, kwa sababu mama aliyerudi akiwa anatembea vizuri huonekana amepona na ndani ya wiki mbili anakabidhiwa jembe.

Baadhi ya mambo yanaweza kubadilishwa kwa gharama ndogo. Kichanja cha kuanikia dagaa kilichoinuliwa hadi kiunoni huokoa mgongo, na dagaa wenyewe huwa safi bila mchanga. Jiko liinuliwe kwa matofali. Ufagio ufungwe kwenye mpini mrefu. Kwa choo cha shimo, fundi anaweza kutengeneza kiti chenye tundu. Anayeswali, kama wengi wa wenzetu wa Ujiji, anaweza kuswali ameketi kitini, kwani dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo; amuulize daktari ni lini arukuu na kusujudu.

Asilale mchana kutwa, hata hivyo. Kutembea kila siku, kidogo kidogo na kuongeza, huimarisha misuli inayoshikilia mgongo. Akipewa mkanda wa kuvaa auvae kama alivyoelekezwa, bila kudhani kwamba mkanda unamruhusu kuinama.

Mambo mawili zaidi yanahitaji kusemwa wazi. Dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazonunuliwa kirahisi dukani, zikitumiwa mfululizo zinaweza kuchelewesha mfupa kuota, kwa hiyo uliza kwanza. Na mgongo wenye vyuma usichuliwe, usikandwe kwa nguvu wala kunyooshwa na mtu yeyote, hata kama ni fundi wa mifupa anayeheshimika na aliyewasaidia wengi. Mkono wake hauwezi kuhisi skrubu iliyo ndani.

Dalili za kukimbilia hospitali

Maumivu mapya pale vyuma vinapoishia, baada ya kipindi cha nafuu, ni dalili ya kwanza. Nyingine ni kuhisi kifua au kichwa kinavutwa mbele, kushindwa kutazama mbali bila kupinda magoti, au uvimbe mgumu unaochomoza chini ya ngozi. Usaha kwenye mshono na homa ni dalili za maambukizi. Kwa haya yote fika hospitalini ndani ya siku chache.

Miguu ikiwa mizito au ganzi, mtu akitembea kama mlevi, akishindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, au akipoteza hisia sehemu za siri, usingoje kesho. Alazwe juu ya ubao au machela, abebwe akiwa amenyooka, apelekwe siku hiyo hiyo. Mshipa wa fahamu uliobanwa kwa muda mfupi una nafasi ya kurudi. Uliobanwa kwa wiki mbili mara nyingi haurudi.

Si kila mpindo hurudishwa mezani. Mpindo mdogo usio na maumivu hufuatiliwa kwa picha. Upasuaji wa pili hufikiriwa pale pingili inapovunjika, skrubu zinapong'oka, maumivu yanapozidi au miguu inapoguswa, na kwa kawaida huwa mgumu kuliko wa kwanza na vyuma hurefushwa zaidi kwenda juu. Asiye na uwezo wa kulipia aende ofisi ya ustawi wa jamii iliyo ndani ya hospitali kabla ya kukata tamaa.

Picha za ufuatiliaji

Hospitali nyingi hupanga picha katika wiki ya sita, mwezi wa tatu, wa sita, mwaka mmoja na miaka miwili. Kurudi Dar es Salaam mara zote hizo si rahisi kwa mkulima au mvuvi. Kabla ya kuruhusiwa, muulize daktari ni picha zipi zinaweza kupigwa mkoani na zipi lazima zipigwe kwake, na umwombe akuandikie aina ya picha anayotaka: ya ubavuni, mgonjwa akiwa amesimama, ikionyesha mwisho wa juu wa vyuma na pingili kadhaa juu yake. Picha iliyopigwa mtu amelala inaweza kuuficha mpindo.

Hapo simu yako ina kazi. Piga picha kadi ya kuruhusiwa, maelezo ya upasuaji na eksirei ya kwanza, ukiiegemeza kwenye dirisha lenye mwanga. Mtumie na ndugu mmoja, ili simu ikizama ziwani kumbukumbu zisizame nayo. Ukipigwa picha nyingine, daktari aliyekupasua anaweza kuilinganisha na ile ya kwanza hata kama hujasafiri bado, na akakwambia kama uje haraka au uendelee.

Vyuma vyenyewe kwa kawaida haviondolewi, hata mfupa ukishaota. Haviharibiki kwa kuoga ziwani wala kwa mvua, na vile vya titani kwa kawaida havizuii kupigwa picha ya MRI, mradi umwambie mpigaji kabla hujaingia kwenye mashine.